U Kyaw Nyunt, Mwenye Gazeti, Baba wa Hnin Ei

Kwa huzuni kubwa, na kwa herufi kubwa kama alivyopenda mwenyewe, familia inawatangazia wakazi wa Yangon, majenerali na wake zao, kwamba U Kyaw Nyunt, mmiliki wa gazeti la Nuru Mpya na televisheni yake, hayupo tena. Mliokwisha kulipia matangazo msiwe na hofu, yatatoka.

Alizaliwa mji wa Pyay tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji. Alisoma hapo hapo, kisha akaingia chuo kikuu hapa Yangon, enzi hizo ikiitwa Rangoon. Chuo kilipofungwa kwa sababu ya maandamano, hakurudi. Alisema ameshajifunza la muhimu: nani anafunga, nani anafungua.

Mwaka 1984 alianzisha jarida. Enzi zile wakaguzi wa serikali wakichukia habari, ilipakwa wino wa rangi ya fedha, na wasomaji waliufuta kwa mafuta ya taa waone kilichofichwa. Marehemu akaupaka kwa hiari yake juu ya mapishi ya mohinga, supu ya samaki, mchaichai na tambi tunayokunywa kila asubuhi. Jarida likagombaniwa.

"Kumbe serikali inaogopa mchaichai!" watu walinong'onezana.

Kwa utundu huo Daw Mya Sandar alimpenda, wakaoana 1986.

Kisha akapata rafiki jenerali, utundu ukaisha. Harusi ya binti wa jenerali ilijaza kurasa nne. Jarida likawa gazeti, na mwaka 2010 kibali cha televisheni kikaja. Wanajeshi walipotwaa nchi 2021, mtangazaji wake alitabasamu akisema mitaani ni shwari. Huko huko mitaani binti yake mwenyewe, Daktari Hnin Ei, alikuwa akifunga majeraha ya risasi.

Jenerali akapiga simu. Tarehe 9 Februari 2022, ukurasa wa saba wa Nuru Mpya, likatoka lile tangazo mnalolijua, la wazazi kukana watoto: "Hnin Ei si binti yetu tena." Daw Mya Sandar hakuulizwa. Alilikuta jina lake pale chini akinywa chai.

"Yetu na nani?" alimfokea. "Ulimzaa wewe?"

Marehemu ameacha mjane, dada yake Daw Than Nwe anayesoma maneno haya, na mtoto mmoja. Mtoto huyo ni Hnin Ei. Yuko Mae Sot, ng'ambo ya mpaka, na akija kuzika atakamatwa. Waandishi wa Nuru Mpya mliojipanga hapo mbele, andikeni: Hnin Ei.

Saratani ya ini ilimchukua tarehe 3 Juni 2023. Mkitaka kujua kwa nini hatujamwombea apumzike kwa amani, sikilizeni asubuhi yake ya mwisho.

"Baba Hnin," mkewe alimsihi, "toa tangazo jingine. Mistari miwili tu, useme ni mwanetu."

"Usiniite hivyo, manesi watasikia."

"Wasikie! Huyo jenerali wako hajakuletea hata chungwa. Ukurasa wa saba, pale pale ulipomkana. Gazeti si lako?"

Alifumba macho. Dada yake alidhani analia.

"Ukurasa wa saba umeshauzwa," akasema. "Kuna sabuni."