Udongo wa Kusiriba

Mama Generosa alikuwa amekalia gunia lake ndani ya basi la kwenda Katoro, kijana mwenye saa kubwa mkononi akamwamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Kijana akajieleza bila kuulizwa: yeye ni Kamili, msimamizi mpya wa watwangaji wa mawe ya dhahabu Nyarugusu, ametolewa kwenye kiwanda cha pamba aje kukomesha upotevu.

"Nakaa na saa yangu, napima. Kuna kinamama wanakuja kufagia chini ya vinu. Wakiinama tu, watwangaji wanasimama. Muda unapotea bure! Kesho nawafukuza."

Generosa akajikaza juu ya gunia. Humo mlikuwa na vumbi la vinu hivyo hivyo, na likioshwa kwenye karai huacha dhahabu ya kulisha wajukuu. "Wanakudai ujira?"

"Hata senti."

"Na vumbi wanalipeleka wapi?"

"Watajua wenyewe. Vumbi ni takataka, mama. Kule kwenye pamba tulilichoma moto."

Mungu akusamehe, alisema Generosa moyoni. Kwa mdomo akasema, "Wasipofagia, mwanangu, vijana wako watakohoa. Anayekohoa hatwangi. Umekipima na kikohozi?"

Kamili akaitazama saa kana kwamba imemsaliti. "Hicho sijakipima. Lakini hata hivyo..."

Basi likasimama Katoro. Mtoto wa watu, ana adabu zake, akamshushia gunia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Lo! Umebeba nini, mama?"

"Udongo wa kusiriba nyumba."

"Kwani kwenu hakuna udongo?"

"Upo, baba. Ila huu wa kwenu ndio unaoshika. Wabeja sana, asante kwa kunishushia."