Kinachofuata Baada ya "I Want"

Treni ilipotoka Katumba, Matilda alikuwa ameandika maneno mawili tu: "I want". Alikuwa anaomba kazi ya upishi kwenye kambi ya watalii, na tangazo lilitaka barua ya Kiingereza ifike Mpanda kabla ya saa sita mchana huo.

"Baba, baada ya 'want' naweka 'to cook' au 'cooking'?" alimuuliza jirani yake, mfugaji mwenye fimbo ndefu aliyejitambulisha kwetu kuwa ni Mwandu.

"Mayu, futa kabisa huko kutaka," alijibu Mwandu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sisi tukienda kuposa tunaanza na habari za mvua, halafu ng'ombe. Binti tunamtaja watu wakishashiba."

"Sasa hao Wazungu niwaulize ng'ombe?"

"Waulize hata tembo wao. Anayeingia kwa mtu na 'nataka' ni mgambo."

"Nina watoto watatu, baba. Muda wa mvua sina."

"Hata salamu moja huna?"

Matilda alirudia kukoleza wino juu ya "I want".

Mimi, niliyekaa mbele yao, nilisoma Kiingereza kwenye masomo ya jioni miaka minne, na jibu nilikuwa nalo. Nilivaa miwani, nikakohoa mara mbili, nikangoja kuulizwa.

Treni ilisimama Mpanda saa tano na nusu. Matilda alishuka na "I want" yake, karatasi ikiwa tupu baada ya maneno hayo. Mwandu alimfuata akisisitiza mvua. Nami niliwafuata wote wawili, miwani bado usoni.