Mama Kinanda na Kituo cha Mstari wa Pili

Jumapili hii, baada ya miaka arobaini na mitatu ya kukanyaga kinanda cha kanisa letu, Mama Kinanda anastaafu. Katika muda huo ametumikia wachungaji saba, wenyeviti wanne wa Kamati ya Uimbaji, na kinanda kimoja. Amekosa ibada mbili tu, zote kwa sababu ya kumzaa kitindamimba wake. Wale wanne wa kwanza walikuwa na adabu, walizaliwa siku za kazi. Katika kustaafu ameomba jambo moja tu, nalo mpaka tunapochapa programu hii bado liko kamatini. Mwenyekiti ameagiza wasifu huu usizidi ukurasa mmoja, kwa kuwa hotuba yake ya kumuaga ina kurasa sita. Mimi, katibu wa kwaya, nimemwahidi kujitahidi.

Kwa kazi yake ya kila siku Mama Kinanda ni fundi cherehani. Kinanda cha kukanyaga kilipoletwa, mchungaji wa wakati ule alitafuta mpigaji mwenye cheti cha muziki, akakosa, akaamua kutafuta mwenye miguu. Alimkuta binti wa miaka ishirini na miwili dukani kwake akishona suruali, miguu ikienda yenyewe huku akipiga soga na mteja. Akamwambia vidole atavifundisha, miguu tayari anayo. Waliokuwepo wanasema Jumapili za mwanzo watu walimaliza wimbo, wakakaa, wakafungua Biblia, ndipo kinanda kikafika. Lakini mwaka haukuisha kabla hajazijua nyimbo zote za kitabu, ukiondoa ule wa mia moja na kumi na mbili, ambao hadi leo hawaelewani.

Zile Jumapili mbili alizokosa, Mwenyekiti, akiwa bado mjumbe wa kawaida, alijitolea kuanzisha nyimbo kwa mdomo. Alianzia juu sana hata kufikia kiitikio wanaume wote walikuwa wamenyamaza wakimtazama kwa huruma. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema kwamba kinanda hakina kazi.

Imani ya Mama Kinanda haina makelele. Kila Jumamosi alasiri hufunga duka, huja kanisani na kitambaa chake, hupangusa kinanda, kisha hukaa kwenye kigoda na kuombea benchi moja baada ya jingine, kuanzia mlangoni. Anajua nani anakaa wapi, nani ana mgonjwa, nani hajaja wiki tatu na anasingizia mvua. Mlinzi wa kanisa alinieleza kwamba benchi la kamati huwa linamchukua muda mrefu kuliko mengine yote.

Kulikuwa na suala la kioo. Kinanda chetu kinatazama ukuta, kwa hiyo mpigaji huwapa waumini mgongo. Zamani sana Mama alileta kioo kutoka dukani, kile cha wateja kujitazamia, akakiegemeza juu ya kinanda. Malalamiko yalifika ofisini wiki hiyo hiyo: ati mpigaji anajiangalia uso wakati wa ibada. Barua nne ziliandikwa, mojawapo na mimi. Hakujibu hata moja, na kioo hakikuondoka.

Sasa tuje kwenye mfuko. Miaka thelathini na moja iliyopita panya walitoboa mfuko wa hewa wa kinanda, nao ukawa hauwezi kufikisha ubeti mwisho. Ndipo kilipoanza kile ambacho sote hapa tunakiita kituo. Ukifika mwisho wa mstari wa pili, kinanda kinanyamaza. Mama anakanyaga mara mbili, vidole vikiwa hewani, waumini wote wanavuta pumzi, kisha tunaendelea na mstari wa tatu kana kwamba ndivyo Mungu alivyoutunga.

Kanisa halikukaa kimya. Iliundwa Kamati ya Mfuko, ambayo baada ya miaka miwili ilitoa ripoti kwamba mfuko umetoboka. Ikaundwa kamati ndogo ya kuipitia ripoti hiyo, ikakubaliana nayo. Ikafuata kamati ya kumtafuta mtaalamu, ambayo ilimtafuta mpaka mwaka juzi. Kumbukumbu zote ninazo, faili mbili nene zilizofungwa kwa kamba. Kila Januari Mama aliandikiwa barua kuulizwa hali ya mfuko, na kila Januari alijibu kwa mwandiko wake wa kulala kwamba hali ni kama ya mwaka jana.

Wakati huo watoto walizaliwa, wakakua na kituo, wakaoa na kituo. Waliohamia mbali wanasema huko waliko wanajulikana papo hapo, maana usharika mzima ukiwa unaimba, wao wananyamaza katikati. Tulipokwenda kwenye mashindano ya kwaya tulishika nafasi ya mwisho. Jaji aliandika kwenye karatasi yetu: mnasubiri nini? Kamati ilijadili swali hilo vikao vitatu.

Mwaka huu mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mfadhili alituletea kinanda cha umeme, chenye ngoma zake humo ndani, na daktari akamkataza Mama Kinanda kukanyaga chochote, kwa sababu moyo wake umechoka. Cherehani ameiacha kwa binti yake. Sisi wa kanisani alituandikia barua ya mistari mitatu: anashukuru, anastaafu, na anaomba kituo cha mstari wa pili kisiondolewe. Kamati ilishangaa sana. Tangu lini mtu anaombea tundu? Kinanda kipya hakina mfuko, kitasimama kwa sababu gani? Mwenyekiti, ambaye miaka yote amekuwa akisema kwamba tunaimba kama watu wanaopanda ngazi, alijibu kwa maandishi kwamba ombi linashughulikiwa.

Kisha akaitwa fundi wa kukifungua kinanda cha zamani kabla hakijapelekwa stoo. Fundi akautoa mfuko, akautazama, akatuita. Kulikuwa na kiraka. Kiraka cha bitana ya koti, kimepakwa gundi ya viatu, kimeshonwa mshono wa kurudia mara mbili, na hakipitishi hewa hata kidogo. Gundi ilikuwa imekauka miaka mingi. Mshono ule kila mjumbe aliutambua, na Mwenyekiti alikuwa ameuvaa kiunoni wakati ule ule.

Kikao cha dharura kiliitishwa. Neno udanganyifu lilitamkwa mara mbili, nami nililiandika mara zote mbili. Mama Kinanda akaitwa ajieleze. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwenye Kamati ya Uimbaji, na ilibidi tutoke tumtafutie kiti. Alieleza bila haraka kwamba mfuko aliushona wiki ya tatu baada ya kutoboka. Tulihesabu kimoyomoyo kamati zetu zote, hakuna aliyezitaja. Mwenyekiti akauliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba waliuliza hali ya mfuko tu, na hali haikubadilika tangu alipoushona. Basi kile kituo kilikuwa cha nini?

"Zile wiki tatu mfuko ukiwa wazi, bibi wa benchi la tatu aliimba mpaka mwisho," akasema. "Nilimwona kwenye kioo. Kabla ya hapo akifika ubeti wa pili alikuwa anachezesha midomo tu, pumzi hana. Nikaona nikiziba tundu nitamnyamazisha tena. Nikaziba tundu, nikaacha kituo."

Mwenyekiti akamkumbusha, kwa upole kidogo sasa, kwamba bibi huyo tulimzika miaka ishirini iliyopita.

"Baada yake mlianza ninyi, Mwenyekiti. Wewe pumzi zilianza kukuishia mwaka ule ule ulipopewa uenyekiti."

Niliyaandika hayo kwenye kumbukumbu kama yalivyosemwa. Mwenyekiti ameomba yafutwe. Nimemjibu kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Jumapili iliyopita kinanda kipya kilijaribiwa. Mpigaji alikuwa mkwe wa Mwenyekiti, fundi wa simu, mtu mzima mwenye bidii. Alibonyeza kitufe cha ngoma na mashine ikaondoka. Mwisho wa mstari wa pili sisi tukasimama kama kawaida yetu, yenyewe ikaendelea. Tukaikimbilia. Kufikia ubeti wa tatu, wazee wote wa upande wa kulia walikuwa wamekaa. Mwenyekiti aliinama kufunga kamba za viatu, akakaa huko chini mpaka wimbo ukaisha. Viatu vyake havina kamba.

Lakini mimi sikuwa namtazama yeye. Mama Kinanda, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa ameketi katikati ya watu, benchi la tatu. Mkono aliuweka kifuani. Midomo yake ilikuwa inacheza, na hakuna sauti iliyokuwa inatoka. Miaka thelathini na moja ametusubiri, na siku ya kwanza alipohitaji kusubiriwa tulimwacha nyuma kwa ngoma ya umeme. Niliona aibu hata nikashindwa kuimba.

Jumanne kamati ilikutana kuhusu ombi lake, ikaunda kamati ndogo. Itatoa taarifa mwakani. Zawadi yake hata hivyo imepatikana bila kuchelewa: saa ya ukutani, ili aweze kujua muda.

Ila programu hii nimeichapa mimi, na hakuna kanuni inayomtaka katibu aipeleke programu kamatini, nimezipekua zote. Fungueni ukurasa wa nyuma, penye wimbo wa kufungia ibada. Kila ubeti nimeuchapa mistari miwili, kisha nafasi tupu, kisha mistari miwili. Hapo penye nafasi tupu nyamazeni, mvute pumzi mara mbili, kama tulivyofundishwa. Mashine ikitangulia, iacheni iende. Mkwe wa Mwenyekiti nimeshazungumza naye. Anasema kitufe cha ngoma anajua pa kukizimia, na kwamba baba mkwe wake hajapona tangu Jumapili.

Kioo tumekihamishia juu ya kinanda kipya, kimeelekezwa benchi la tatu.

Mama, asante kwa nyimbo, asante kwa kiraka, na utusamehe zile barua nne, hasa ile yangu. Tunakutakia maisha mema na marefu, moyo wako upumzike, na miguu yako ijue hatimaye Jumapili ni siku gani. Wewe imba taratibu tu. Ukifika mwisho wa mstari wa pili, tutakuwa tunakusubiri.