Misheck Runji Njeru, Aliyehesabu Samaki wa Kiambere

Aliyekutana na marehemu Misheck Runji Njeru mara ya kwanza aliona suruali yake, iliyolowa hadi magotini hata akiwa amekaa kanisani.

Alizaliwa mwaka wa 1943 huko Kiambere, mtoto wa tatu wa wafugaji wa mbuzi. Alisoma Ishiara, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1960, kisha akawa karani wa ghala la pamba. Mwaka wa 1968 alimwoa Wambeti. Alipoajiriwa na idara ya samaki mwaka wa 1989, akaleta kambare nyumbani, mkewe, Mama Wawira, alisimama mlangoni. "Baba Wawira, hiyo nyoka yako ibaki nje." Ilibaki nje miaka miwili. Baadaye Mama ndiye aliyeuliza mbona kambare amechelewa.

Kazi yake kubwa ilianza mwaka wa 1994, wahandisi walipopanga bwawa jipya chini ya Kiambere. Ilibidi samaki wahesabiwe kabla ya ujenzi, ili ijulikane kama ukuta ungehitaji njia ya samaki kupanda mto kwenda kuzaa. Marehemu aliwapima walioletwa ufuoni na wavuvi, akaandika. Mwaka ulipoisha, daftari halikuwa na samaki mchanga hata mmoja. Wahandisi wakasema samaki hawazalii huko, wakaifuta njia kwenye michoro.

Marehemu hakuridhika. Alimwendea mvuvi Muthamia, akamkuta akirudisha wadogo majini.

"Hawa mbona hamniletei?"

"Mzee, hapa ufuoni wewe ni mgeni wetu. Tukikuletea watoto wa samaki utatuonaje? Hata mbuzi wa mgeni huchaguliwa."

"Basi kuanzia leo mimi si mgeni. Niletee hata aliye sawa na kidole."

Aliandika barua ofisini kwamba hesabu ilikuwa na kosa, na kosa ni lake. Wenzake walimcheka. Akaanza upya pamoja na msaidizi wake, Kagure, na kila msimu wa mvua vifaranga walijaa kwenye daftari.

Kisukari kilimshika mwaka wa 1996. Alifariki hospitalini Embu tarehe 21 Februari 1998. Siku mbili kabla, alimuuliza Kagure kama ripoti ya hesabu mpya imepigwa chapa. Ilikuwa tayari.

Ameacha mjane, Wambeti, watoto Wawira, Mugendi na Phyllis, na wajukuu watano. Mungu ampe pumziko jema.

Jumanne, tarehe 17 Machi, wahandisi watakutana Kiambere kuitazama michoro upya. Kagure atawasomea hesabu hiyo, na wavuvi wote wamesema watakuwepo.