Upanga wa Orrin Kvamme: Kumuaga Loren Tollefson

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Loren Tollefson anafunga kazi katika nyumba ya mnada ya Brandvold hapa Vestby, Iowa, baada ya miaka arobaini na mmoja na miezi miwili. Vijana wa ofisini wameniomba niandike habari zake katika jarida hili kwa sababu mbili. Kwanza, niliuza pai kwenye kaunta ya mnada miaka thelathini na mitatu, kwa hiyo ni mfanyakazi mwenzangu. Pili, mimi ndiye niliyemzaa. Shule niliishia darasa la nane, makosa ya maandishi mtanisamehe. Habari za Loren lakini nazijua zote.

Alianza Machi 1984 kwa kubeba makabati. Miaka miwili baadaye ndiye aliyekuwa akiandika orodha ya mali. Wakati ule wanaume waliopigana Pasifiki katika Vita Kuu ya Pili walikuwa wanazeeka, na karibu kila mwezi mtu alituletea upanga wa jeshi la Japani uliokaa darini tangu vita. Hakuna aliyejua kuutofautisha mmoja na mwingine. Loren akanunua vitabu viwili kwa mshahara wake, akavisoma mezani kwangu mpaka kahawa inapoa. Leo anapigiwa simu kutoka Nebraska na Ohio, na panga zilizopita mikononi mwake zimezidi mia sita. Mtoto wa jirani yangu, Selma Rudi, ni daktari wa meno, sawa, lakini meno kila mji una mtu wake.

Wafanyakazi wote hapa wamejifunza kwake. Upanga wa sajini una nambari iliyogongwa kwenye chuma, na mpini wake umemiminwa kiwandani. Wa afisa mpini wake umefungwa utepe, na ndani unaweza kukuta chochote: chuma cha kiwandani cha mwaka 1942, au upanga wa mababu zake uliovalishwa mavazi ya jeshi. Jibu liko kwenye shina, kile kipande kinachojificha ndani ya mpini. Hapo mhunzi huchonga jina lake, na kutu ya hapo ndiyo inayosema umri, haifai kuguswa. Sasa sisi wanawake wa Vestby hatumpelekei mtu kitu bila kukisugua kwanza. Ndiyo maana Loren alibandika tangazo mlangoni, LETENI VIKIWA VICHAFU, na mchungaji wetu akalitania kanisani Jumapili mbili mfululizo.

Tangazo hilo lilitokana na kosa lake mwenyewe, na ameniruhusu nilisimulie.

Oktoba 1991 Ardis Kvamme alileta upanga wa marehemu mumewe, Orrin. Miaka yote Orrin alikuwa akisema mkahawani kwamba upanga ule ni wa kale, na wenzake wakimcheka. "Wa kale kama trekta yako," walikuwa wanamwambia. Ardis, mtu safi kupita kiasi, alikuwa ameisugua shaba yote kwa dawa ya kung'arishia mpaka ikawaka kama imetoka dukani juzi. Loren alitazama ule mng'aro, akajaribu kijiti cha mianzi kinachoshikilia mpini, kikagoma. Akamwambia ni wa kiwandani, dola mia tatu. Ardis alisema tu, "Basi Orrin alikuwa anajisifu," akauacha upanga uuzwe mnadani, akaondoka. Habari ikafika mkahawani kabla yake.

Siku ya mnada alikuja mnunuzi kutoka Chicago. Aliupeleka upanga dirishani, akautazama muda mrefu, akaurudisha taratibu bila kumuuliza mtu swali. Kisha akaagiza pai yangu ya zabibu kavu na malai, akakaa nayo, akaiacha nzima. Pai ile haijawahi kuachwa, waulizeni wilaya nzima. Nikamwendea Loren.

"Yule mtu wa Chicago hajala pai."

"Mama, nina kazi."

"Nakuambia hajaigusa hata kwa uma. Moyo wake uko kwenye ule upanga."

Akamtazama yule mtu na sahani yake, halafu akaenda moja kwa moja jukwaani, ambako tajiri wake, Harlan Brandvold, alikuwa ameshautaja upanga na kuanza kupokea bei. Loren akauchukua mbele ya watu mia mbili.

"Loren, rudisha hiyo mali," Harlan akasema.

"Nilisema bei bila kuufungua. Sijui ni nini."

"Sasa ndiyo unajua kwamba hujui? Watu wamekaa. Ukiutoa hapo, usirudi Jumatatu."

"Sawa, bwana Harlan. Lakini nitakifungua hiki kijiti kwanza."

Nyuma mkulima mmoja akapiga kelele, "Mwacheni, mama yake ana nyundo jikoni!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana Loren alikuwa na watoto watatu wadogo. Lakini nyundo nilimletea kweli.

Aligonga kijiti polepole kwa nyundo na kipande cha mti mgumu mpaka kikatoka, akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akaupiga mkono huo kwa ngumi ya kulia mara tatu, chuma kikalegea. Shina lilikuwa jeusi tii, lina matundu mawili, maana yake lilikuwa limewahi kuvalishwa mpini mwingine zamani, na pembeni herufi zilizochongwa kwa mkono. Yule wa Chicago akachukua kofia yake akaondoka; siri yake ilikuwa imekwisha.

Loren akamgeukia Ardis. "Mama Kvamme, nilikosea. Sikuangalia. Orrin alisema kweli."

Ardis akawatazama wale wazee wa mkahawani, waliokuwa wamekaa mstari mmoja mnadani, mmoja mmoja, akasema, "Mmesikia?" Basi.

Loren alinakili herufi kwa penseli na karatasi, akampelekea mtaalamu wa Minneapolis, bwana Morimoto, aliyejibu kwamba upanga una zaidi ya miaka mia tatu. Masika yaliyofuata uliuzwa dola elfu saba na mia nne. Wiki moja baada ya mnada ule Harlan alikuwa ametoa amri inayofuatwa mpaka leo: hakuna upanga wa afisa unaoingia kwenye orodha kabla Loren hajaufungua. Jumatatu ile Loren alikuwa kazini kama kawaida.

Asante, Loren, kwa familia zote ulizoziambia ukweli, hata zile zilizotaka kusikia jambo lingine. Wenzako wanakuombea afya, samaki wengi ziwani na mgongo usiouma. Mimi nakuombea hayo hayo, na nakukumbusha kwamba sasa huna kisingizio: chakula cha mchana kwangu ni saa sita kamili.

Verna Tollefson, kaunta ya pai (mstaafu)