Luregn Cabalzar, Mpimaji wa Nyumba Zisizojengwa Bado

Tarehe 30 Juni 2025, saa sita mchana, Luregn Cabalzar atarudisha funguo za ofisi ya ujenzi ya halmashauri ya Pradasura. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minane na miezi mitano, bila kukosa kazi hata siku moja, ukiacha juma aliloteguka goti kwa kuteleza kwenye ngazi za kanisa. Yeye hupenda kukumbusha kwamba milima yote hii haikuwahi kumwangusha.

Aliingia Februari 1987 akiwa na miaka ishirini na sita. Sisi tuliokuja baadaye tunaijua ofisi ya siku zile kwa kusimuliwa tu: chumba kimoja juu ya gereji ya zimamoto, jiko la kuni, na ramani ya kijiji iliyobanduka pembeni kwa mvuke wa soksi za Luregn, alizokuwa akizianika juu ya jiko. Ramani hiyo ilikuwa na nyumba mia moja na tisini. Leo tunazo zaidi ya mia saba, na nyingi kati ya hizo yeye alizipima zikiwa bado ni hewa tupu.

Kwetu nyumba huonekana kabla ya kujengwa. Mwenye kiwanja husimika nguzo kila pembe, zikiwa na kimo sawa na cha nyumba itakayojengwa, na juu yake hupigilia mbao kuonyesha mteremko wa paa. Nguzo husimama siku ishirini. Anayeona kwamba nyumba hiyo itamziba huleta pingamizi, na asipoleta, imetoka hiyo. Kazi ya Luregn ilikuwa kuhakikisha kwamba nguzo hazidanganyi.

Nguzo za kwanza alizozipitisha zilidanganya. Ilikuwa Machi ya mwaka ule ule, theluji imefika kiunoni, na kampuni moja kutoka mjini ilikuwa na haraka ya kujenga ghorofa za wageni wa kuteleza kwenye theluji. Luregn alichimba penye nguzo tu hadi kwenye udongo, akidhani kina kile ni theluji iliyorundikwa na upepo, akaweka tepu kwenye shina la nguzo, akapima hadi juu, akaona kimo ni sawasawa, akatia saini. Theluji ilipoyeyuka mwezi wa nne, aliikuta nguzo ya mbele imesimama ndani ya mfereji wa maji, karibu mita mbili chini ya uwanja. Kwa hiyo nyumba yenyewe ingekuwa juu zaidi ya kile watu walichokuwa wameonyeshwa.

Ng'ambo ya barabara aliishi mjane aitwaye Mengia Derungs. Alikuwa ameitazama nguzo ile kutoka jikoni kwake, akaridhika kwamba jua la majira ya baridi litapita juu ya paa, na hakuleta pingamizi. Siku ishirini zilikuwa zimekwisha. Mwenyekiti wa wakati huo alimwambia Luregn, "Ni wewe peke yako unayejua. Acha ilale."

Hakuiacha ilale. Alikwenda kwa Mengia, akavua kofia mlangoni, akamweleza yote. Mama yule alimwacha amalize, kisha akasema, "Haya mwanangu, kila Desemba utakuja unywe kahawa na mimi gizani, ukae uone ulichonifanyia." Nyumba ilijengwa, giza likaja, na Luregn akaenda. Alikwenda kila Desemba hadi Mengia alipofariki mwaka 2009. Majirani wanakumbuka jinsi alivyokuwa akimpokea: "Karibu, mwizi wa jua. Angalia usijikwae." Mwishoni alikuwa akimwokea keki ya njugu, na akimkataza kuondoka kabla haijaisha.

Tangu Machi ile, hakuna nguzo iliyopitishwa Pradasura kabla ya theluji kwisha. Kuna mwekezaji aliyefika kwa helikopta kuja kulalamika, na Luregn akamwonyesha benchi lililoko nje ya ofisi. "Kaa tu, bwana. Mwezi wa tano si mbali." Wengine walimletea chupa, wengine wakamletea mawakili. Chupa alizipeleka zimamoto. Mawakili aliwatembeza kwenye matope hadi viatu vyao vikaharibika, halafu akawanywesha supu ya shayiri, na wakaondoka wamepoa.

Hata hivyo hakujidanganya kuhusu kile alichokuwa akikipima. Kila jioni ya Novemba alirudi nyumbani kwa miguu, akipita mitaa ambayo madirisha yake yote yamefungwa. Vitanda baridi, ndivyo tunavyoviita: vinalaliwa wiki tatu kwa mwaka. Wakati huo huo mwalimu, muuguzi na fundi wa lifti za kupandisha watelezaji mlimani walikuwa wakipanga vyumba Ilanz, chini bondeni, na shule yetu imebaki na watoto kumi na mmoja. Kwa miaka tisa Luregn alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba uwanja mmoja tu, Quadra Sut, ujengwe nyumba kumi na mbili za wakazi. Sharti aliliandika mwenyewe kwa mkono: wapewe wanaofanya kazi kijijini, au wenye mtoto katika shule yetu. Nyumba hizo zinafunguliwa vuli hii, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Mwezi wa tatu mwaka huu, warithi wa mwenye nyumba wake waliiuza ghorofa iliyo juu ya duka la mikate, alikopanga kwa miaka ishirini na sita. Wanunuzi watakuja Krismasi na Februari. Luregn anatakiwa atoke ifikapo tarehe 31 Agosti, na kijijini hakuna chumba kingine cha kupanga ambacho mshahara wa halmashauri unakiweza, sembuse pensheni.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu wa kijiji wa mwezi wa tano, Ladina Spescha wa posta alisimama. Pale Quadra Sut palikuwa pamebaki nyumba moja, lakini Luregn akishastaafu, sharti lake mwenyewe lingemnyima. Alipendekeza mstari mmoja uongezwe kwenye sharti: mtumishi aliyekitumikia kijiji zaidi ya miaka thelathini naye apewe. Ukumbi ulipiga makofi. Ndipo Luregn akaomba nafasi.

"Kaa chini, Luregn," Ladina akasema. "Hapa hatukukuomba maoni."

"Nina kura kama wewe, Ladina." Watu wakacheka. Kisha akasema hivi, na maneno yake yamo katika kumbukumbu za mkutano: "Mkilitoboa sharti hili kwa sababu mnanipenda mimi, mwakani mtalitoboa kwa anayependwa zaidi. Mimi namaliza kazi. Fundi mpya wa lifti ndiyo kwanza anaanza, na watoto wake wawili wanamwona Jumapili tu. Mpeni yeye. Nilishakosea mara moja kwa kupima nguzo bila kuangalia imesimama juu ya nini. Nawaomba, msinikoseshe mara ya pili."

Mikono ikahesabiwa. Waliounga mkono walikuwa hamsini na saba, waliopinga sitini na sita, na Luregn alikuwa wa kwanza kati ya waliopinga kuunyosha mkono. Ladina hakusema naye kwa siku nne. Siku ya tano alimpelekea maboksi ya posta ya kufungia vyombo, akamwambia, "Mkaidi wewe, angalau funga vizuri."

Tarehe mosi Septemba atahamia vyumba viwili Ilanz, ghorofa ya tatu, karibu na stesheni. Familia ya fundi wa lifti itaingia Quadra Sut, na shule itakuwa na watoto kumi na watatu.

Bwana Luregn, tunakushukuru kwa kila mita uliyoipima na kwa kila theluji uliyotulazimisha kuingojea. Uliomba tukunyime, nasi tukakunyima, na baadhi yetu tulionyosha mkono bado hatujui tuuweke wapi. Tunakutakia afya, goti lenye nguvu na majirani wanaoishi humo mwaka mzima. Njoo kwenye mkutano wa Novemba. Kwa kuwa hutakuwa tena mkazi, kwa sheria hutakuwa na kura, na utakaa benchi la wageni kule nyuma. Tumekubaliana kwamba usiku huo sote tutakaa huko.