Waongee Wenyewe: Maisha ya Dada Yetu, Fundi wa Mitandao

Ndugu waombolezaji, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Waya, ingawa kazi yake kubwa kuliko zote haikuhitaji waya mpya hata mmoja.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, kifungua mimba wa baba yetu, fundi saa, na mama yetu, mshonaji, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba, akaanza shule ya msingi mwaka 1981, na akiwa darasa la nne alifungua redio ya jirani bila ruhusa, akachapwa, ila redio ilipona. Alimaliza sekondari mwaka 1993, akaingia chuo cha ufundi, ambako wasichana walikuwa wawili, mwenzake akaacha, yeye akahitimu mwaka 1997.

Januari 1998 aliajiriwa na hospitali kuu, kitengo cha kompyuta, na huko ndiko alikofanya kazi hadi alipougua. Miaka ya baadaye mkunga wa zahanati ya mlimani alikuwa akimpima mama mjamzito, na picha ikimfikia daktari bingwa mjini kwa kupitia kompyuta ya ofisi moja ya kukodi, na Aprili 2011 kompyuta hiyo ya katikati ilizima mchana, picha ikaganda mbele ya daktari, na mama aliyekuwa akijifungua akampoteza mtoto. Dada alirudi nyumbani, hakula, akamwambia mumewe, "Kwa nini wapitie kwa mtu wa tatu? Waongee wenyewe."

Wakubwa walimwambia haiwezekani, kwani mtandao wa zahanati na wa hospitali ni kama nyumba mbili ambazo milango yake hufunguka kwa ndani tu, mgeni akibisha kutoka nje hasikiki, na wapo waliosema anatafuta sifa. Hakubishana nao, alijaribu, ikakataa, akajaribu tena, hadi Septemba 2012 alipopata njia, kwamba kompyuta ya tatu iwatajie wale wawili anwani zao kisha ijitoe, nao wabishe kwa pamoja, kila mmoja kutoka ndani kwake, na kila mlango, ukidhani anayeingia ndiye aliyeitwa, umpishe. Mkunga alipiga kelele, "Daktari, nakuona!" na dada akasema, "Haya, mimi natoka," akaenda kunywa chai. Yule mama aliyempoteza mtoto alijifungua salama mwaka 2014, daktari akimwongoza mkunga mwanzo hadi mwisho, na dada hakuwahi kukutana naye.

Alifunga ndoa tarehe 12 Julai 2003 na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 2004 na wa kike mwaka 2008, na kwa kuwa mganga hajigangi, taa ya jikoni kwao imekuwa ikiwaka na kuzimika miaka yote, hata leo asubuhi.

Agosti mwaka jana alianza kulalamikia maumivu ya tumbo, ikaonekana ni saratani ya kongosho, akalazwa katika hospitali yake mwenyewe, ghorofa mbili juu ya chumba chake cha kazi, na wenzake wakawa wanapanda kumuuliza mambo, akiwajibu hadi sauti ilipokatika. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, mchana, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza. Mtuwie radhi ambao hatukuwataja, akili zetu hazijatulia, watu wanatusalimia, tunaitikia, kisha hatukumbuki ni nani.

Mimi niliyesoma ni mdogo wake wa mwisho, yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, na sijui nikishuka hapa nikaketi wapi.

Pumzika, dada, kwa amani.